Punje Anatafuta Gari

Benchi letu liko ukutani mwa kibanda changu cha kunyolea, upande unaopata kivuli asubuhi. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu, lakini wenye benchi ni watatu ambao hawanyolewi wala hawasubiri chochote. Gia aliendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ukamkatalia. Plagi ni fundi wa magari madogo. Gereji yake iko ng'ambo ya barabara, hivyo anakunywa kahawa huku jicho moja likilinda mlango. Wakili anauza miwani ya jua na hajasomea sheria hata siku moja. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuacha kesi ya mtu impite. Birika ni langu, na wote watatu wanalijua kuliko mimi.

Asubuhi hiyo Punje alikuja bila kusalimia vizuri, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeitwa hospitali. Punje ana mashine ya kupukuchua mahindi, kubwa, imefungwa juu ya trela la magurudumu manne. Kila msimu huivuta shamba hadi shamba, na mkewe humsaidia kulisha mashine na kushona magunia. Pikapu yake ilikufa injini msimu uliopita. Sasa mahindi yamekauka, mawingu yameanza kujikusanya, na wakulima wa ng'ambo ya kilima, ambao hajawahi kuwafikia, walikuwa wamemtumia ujumbe aje. Asipokwenda wataita mwingine, na mwingine akishaingia shambani kwa mtu, kumtoa ni kazi. Kule yadi ya magari kulikuwa na pikapu mbili za kufaa, moja ya petroli, moja ya dizeli. Mwenye yadi alimpa mpaka jioni aamue.

— Dizeli, alisema Gia kabla kikombe hakijamfikia. Mzigo mzito hauvutwi kwa kelele. Dizeli inashika nguvu tangu chini kabisa, hata hujakanyaga mafuta sawasawa, na trela linakufuata kama mbuzi wa kufugwa. Mwenda pole hajikwai.

Plagi alimwambia hiyo methali ni ya watembea kwa miguu. Akaeleza, kwa utulivu wa mtu anayejua bei ya vipuri, kwamba dizeli ni tamu mpaka siku injekta, zile za kurushia mafuta ndani ya injini, zitakapoziba. Punje anavuta msimu mmoja tu; miezi mingine gari litakuwa la kwenda sokoni na kurudi, safari fupi fupi, injini haijapata hata joto. Gari la petroli ni jepesi kununua, jepesi kutengeneza, na fundi wake yupo hapo hapo ng'ambo ya barabara.

— Kwa hiyo unajitafutia mteja, alisema Gia.

— Namtafutia rafiki yangu usingizi.

— Petroli kwenye kilima kile italia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Na itakunywa. Debe tupu haliachi kuvuma.

— Debe likiwa linakunywa si tupu tena, alisema Plagi.

Wakili alikuwa ameacha hata kunywa kahawa yake, dalili kwamba anapika jambo. Akasema wote wawili wamekosea. Kwa maoni yake Punje achukue ya petroli, atoe injini, aweke ya dizeli. Gia alipomuuliza kwa nini basi asichukue ya dizeli moja kwa moja, Wakili akasema mchagua jembe si mkulima. Kisha akapanda juu zaidi: mashine ya kupukuchua ina injini yake yenyewe, si ndiyo? Basi ifungwe mnyororo mpaka kwenye magurudumu ya trela, mashine ijisukume, na pikapu iwe ya kuonyesha njia tu. Alisema hivyo bila kucheka. Plagi alifikiria kidogo, kisha akaona aibu kwamba amefikiria.

Punje hakucheka. Aligeukia kwangu akaniuliza ningekuwa mimi ningefanyaje. Nikamwambia mashine yangu inaendeshwa kwa umeme na mzigo wake mzito kabisa ni ndevu. Lakini swali lake halikuwa la utani. Mtu akikosa msimu mmoja anakosa mwaka mzima, na yeye alikuwa na watoto watatu shuleni.

Mkewe alikuja akiwa na sindano ndefu ya kushonea magunia imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwani. Alikuwa akimtafuta.

— Hamjambo, shemeji zangu.

Tukamjibu, tukamsogezea nafasi. Kahawa alikataa. Gia akamweleza habari yote kwa heshima, jinsi dizeli itakavyopanda kilima, na Plagi akaongeza upande wake, jinsi petroli nayo itakavyopanda, ila kwa kupiga kelele. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ndiye angekaa kiti cha pembeni.

— Nimeelewa, alisema. Zote zitapanda. Tukishafika juu, tukaanza kushuka, trela litazuiwa na nini?

Gia alianza kusema gia nzito, akaweka kikombe chini. Alijua zaidi yetu wote uzito ule ukikusukuma kwa nyuma unakupeleka wapi. Akamuuliza Punje taratibu:

— Trela lina breki?

— Lilikuja nazo, alisema Punje. Huku kwetu ni tambarare. Sijawahi kuzihitaji.

Nilishika birika nikakuta limebaki masimbi ya kahawa tu, nikaliweka chini.

Tulifunga kibanda tukaenda sote sita mpaka uani kwa Punje. Plagi alijilaza chini ya trela, na Wakili akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake. Plagi alitoka na kiganja kilichojaa unga mwekundu wa kutu. Waya wa breki ulikuwa umekatika, na breki zenyewe zilikuwa zimeliwa zikaisha. Shemeji alikiangalia kile kiganja, kisha akamwangalia mumewe. Punje alikaa juu ya gurudumu.

Siku hiyo hakununua gari. Alimwomba mwenye yadi amwongezee muda, na Plagi na Gia wakatengeneza breki pamoja, wakigombana kila saa. Pikapu ya dizeli ikauzwa kwa mtu mwingine wakiwa bado chini ya trela. Punje akachukua ya petroli kwa kuwa ndiyo iliyobaki, yeye na mkewe wakavuka kilima siku moja kabla ya mvua.

Waliporudi, Gia alimwahi Shemeji barabarani. Alitaka kujua jambo moja tu: ile petroli ilipanda vipi?

— Shemeji, kupanda hata sikuangalia, alisema. Nilikuwa nasubiri kushuka.