Marehemu, Mguu Wake wa Kushoto na Farasi Aitwaye Karani

Poleni nyote mliofika: ndugu, majirani, wazazi wa watoto aliowafundisha, na wewe uliyeleta shada kubwa kuliko la mama yake mzazi. Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu kaka yetu alisema hataweza bila kulia. Mimi nitaweza. Leo sina machozi, nina hasira, na hasira husomeka vizuri tu. Kamati ya mazishi iliniomba nipunguze ukali kabla maneno haya hayajachapwa. Nimepunguza, na hayo mliyoshika mkononi ndiyo yaliyobaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1981, mtoto wa tatu na kitinda mimba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na klabu ya farasi. Mama alikuwa akiifulia klabu vitambaa vya kuweka chini ya matandiko, na kamba zake za kuanikia zilifungwa kwenye uzio wa mabanda. Marehemu alijifunza kusimama kwa kushika uzio huo. Baba, Mungu amrehemu, alidai kuwa neno la kwanza la mtoto lilikuwa "baba". Mama, ambaye ameketi hapa mbele na anaweza kunikanusha, anasema mtoto alikoroma puani kama farasi na baba akasikia alichotaka kusikia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1988 hadi 1994, akaingia sekondari mwaka 1995. Tarehe 11 Machi 1997 alianguka. Watu wengi mmekuwa mkisema aliangushwa na farasi, na hata jana kwenye foleni ya chai nimelisikia tena. Hakuangushwa na farasi. Aliteleza kwenye ngazi za shule zilizokuwa zimepigwa deki bila kuwekwa alama yoyote, akashukia nyonga. Uongozi wa shule uliandika kwamba alikuwa anakimbia. Alikuwa anatembea, nilikuwa nyuma yake na nimebeba mkoba wake. Daktari wa mifupa alisema atatembea tena, lakini mguu wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini, hautamsikiliza. Hautabana kitu wala kupiga kitu. Marehemu alikaa nyumbani muhula mzima, akarudi, akamaliza sekondari mwaka 1998 na wenzake. Naomba mguu huo muukumbuke, maana nitaurudia.

Mwaka 2004 klabu ilimwajiri kuwa mwalimu wa watoto. Alipewa farasi jike wa kufundishia, mnene, mvivu, mwenye maoni yake juu ya kila jambo, ambaye watoto walimwita Shangazi. Lakini mchezo aliouchagua marehemu mwenyewe ulikuwa ule wa mwendo. Kwa wasioujua: farasi haruki kiunzi, wala hashindani mbio na mwenzake. Anaingia uwanja wa mchanga peke yake, na majaji wanaangalia kama anatembea, anadundadunda, anakwenda upande na anasimama pale pale alipoombwa, bila mtu kuona ameombwaje. Ukionekana unamwomba, unakatwa alama. Ukimwomba kwa mdomo, unakatwa pia. Wapandaji huomba kwa uzito wa mwili na kwa visigino viwili. Marehemu alikuwa na kimoja.

Kuchechemea kwake kila mtu alikuona. Yeye akawaambia, "Mimi nachechemea nikiwa chini, nikiwa juu sichechemei." Na kwa kuwa ulimi wake haukuhitaji kunolewa, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Angesema ukweli asingekabidhiwa farasi wa maana hata mmoja. Sisi nyumbani tulijua tukanyamaza, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Mwaka 2009, tarehe 19 Septemba, alifunga ndoa na fundi wa friji aliyekuwa amekuja klabu kutengeneza jokofu la dawa za mifugo. Marehemu alimwomba amshikie Shangazi kamba kwa muda mfupi. "Usimshtue tu," akamwambia. Shangazi akamkanyaga mguu, akatulia hapo hapo juu ya mguu huo. Yule kijana hakupiga kelele, kwa sababu alikuwa ameambiwa asimshtue. Marehemu aliporudi alimkuta anatoka jasho huku anatabasamu. Wiki nzima wote wawili walikuwa wanachechemea, na mama akasema, "Hawa wameshafanana, mnangoja nini?" Walijaliwa binti mmoja. Shemeji, pole. Katika watu wote wa maisha yake, wewe peke yako ndiye ambaye sikugombana naye wiki hii.

Mwaka 2016 alikabidhiwa farasi wa mtu, dume jeusi la miaka minne. Alimwita Karani, kwa kuwa hakupita ndoo, mlango wala mwavuli bila kusimama kuukagua kwanza. Karani alikuwa hajawahi kufundishwa na mwingine yeyote. Marehemu alimfundisha kwa mwili aliokuwa nao. Alipotaka aondoke, jambo ambalo wengine huliomba kwa kisigino cha kushoto, alikaa wima, akalaza uzito kidogo upande wa kushoto, akatoa pumzi. Basi, Karani akaondoka. Mimi ninaogopa hata mbuzi, lakini siku moja alinipandisha kwa nguvu juu ya farasi huyo akaniambia, "Kaa tu, dada, usifanye kitu." Nilishusha pumzi kwa woga, nikashangaa uzio unarudi nyuma. Kwa miaka saba ubavu wa kushoto wa Karani haukuwahi kuguswa na kisigino cha mtu.

Msimu wa 2023 ulikuwa mzuri kuliko yote. Alimfanyisha Karani mazoezi kila asubuhi kabla watoto hawajafika, wakifuata mistari ile ile ya mchanga mpaka nikamuuliza kama hachoki. Akasema, "Wewe hushoni mshono ule ule kila siku?" Walishika nafasi ya tatu mwezi Aprili, ya pili mwezi Mei, na tarehe 9 Julai wakashinda. Jaji mkuu alichukua kipaza sauti akasema hajawahi kuona mguu wa kushoto uliotulia namna ile, na vijana wote wauige. Marehemu aliinamisha kichwa kwa heshima. Tulipofika nyumbani alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia, na mumewe akamletea maji. Mguu ule ungeachaje kutulia, jamani? Haukuwa na lingine la kufanya.

Koti alilovaa siku hiyo nililishona mimi. Mwezi Aprili nilikuwa nimelibana kiunoni. Juni nikalibana tena. Nikamwambia, "Unakwisha, mdogo wangu. Nenda hospitali." Akanijibu, "Farasi anapenda mzigo mwepesi. Shona." Nilishona. Alisema ataenda msimu ukiisha, na hakuna mtu katika familia hii aliyewahi kushindana naye akashinda.

Lakini msimu wake uliishia Julai ile. Wiki moja baada ya ushindi, mwenye farasi aliamua kwamba mashindano yaliyobaki Karani atapandwa na mpwa wake. Hakumwambia marehemu. Alibadilisha kufuli la chumba cha matandiko, naye akafika asubuhi na ufunguo usioingia. Akufukuzaye hakwambii toka. Mali ni yake, sikatai, na mwenye mali ana haki ya kumpa amtakaye. Ninachokataa ni kwamba baada ya miaka saba hakuona hata haja ya kumwambia "asante, kuanzia leo tunaachana". Siku hiyo marehemu aliingia kwenye banda la Shangazi akakaa kwenye majani makavu, akampigia simu mumewe aje kumchukua. Hakuwa mtu wa kuomba kuchukuliwa.

Yule mpwa, binti wa watu, alimpanda Karani kama alivyofundishwa. Simlaumu. Alipotaka farasi aondoke, alimpiga kisigino cha kushoto, na Karani, ambaye hajawahi kupigwa upande huo maisha yake yote, akaruka kama aliyeungua. Wakampiga zaidi, naye akaruka zaidi. Mwezi Septemba, mbele ya majaji, alimwangusha binti akavunjika mfupa wa bega. Hapo ndipo mwenye farasi alipotangaza, "Yule mwanamke ameniharibia farasi." Watu wakalibeba neno hilo wakalitembeza. Wengine mmelitembeza ninyi mlioketi hapa mnakula biskuti zetu.

Wakati huo marehemu alikuwa amelazwa. Ilikuwa saratani ya kongosho, na madaktari walisema imefika mbali. Nilimsihi awaambie siri ya ule mguu. Akasema, "Wagundue wenyewe. Si wana wataalamu?" Sitamsafisha kwa sababu amekufa, la kuvunda halina ubani. Mdogo wangu alikuwa na kinyongo, akakishika kinyongo chake mwezi wa tisa, wa kumi, mpaka Krismasi ikapita. Mwezi Januari mtu alimletea habari kwamba Karani ameonekana hafai kupandwa wala kuuzwa, na daktari wa mifugo ataitwa kumchoma sindano ya mwisho. Kinyongo kikamtoka siku hiyo hiyo. Alinishika mkono akaniambia, "Nenda kwa yule mzee. Mwambie ni upande wa kushoto. Hata akinitukana, mwambie."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha mapokezi ofisini kwake mpaka wafagiaji wakaniambia ninyanyue miguu. Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye gari, nikaanza kumweleza. Akasema, "Pole kwa mgonjwa, mama. Mambo ya farasi tuachie wenye farasi." Akapandisha kioo. Nilirudi siku nyingine, mlinzi akaambiwa asinifungulie. Nikamweleza marehemu yote kama yalivyokuwa, maana huyo hakudanganyika hata akiwa na homa. Kisha akasema, "Basi kamwambie mahali ambapo hana kioo cha kupandisha."

Nilimuuliza mahali gani. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanapouliza sindano inaingia wapi, akasema, "Utaona. Atakuja. Watu wa namna ile hawakosi mazishi."

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Shemeji anasema hakuhangaika. Alitoa pumzi moja ndefu, akaenda. Amevaa lile koti jeusi. Nililibana kwa mara ya mwisho usiku wa kuamkia jana, na sikuwahi kushona mshono mbaya kama ule.

Ameacha mama, mume, binti mmoja, kaka mmoja, na mimi. Ameacha watoto wengi wanaojua kukaa wima. Amemwacha Shangazi, ambaye sasa ni kikongwe na bado ana maoni. Na amemwacha Karani, aliye hai leo, na ambaye daktari wa mifugo amepangiwa kumchoma sindano Jumatatu saa nne asubuhi.

Kwa hiyo namwaga mtama penye kuku wengi. Mwenye farasi yuko hapa, mstari wa pili, mwenye miwani ya jua. Mpwa wake ameketi pembeni yake na mkono ungali umening'inizwa kwenye kitambaa, maana mfupa umegoma kuunga. Binti yangu, naongea na wewe, kwa sababu ni wewe uliyeanguka. Farasi yule si kichaa, na wewe si mpandaji mbaya. Mguu wako wa kushoto uache ulale. Usiubane, usiupige. Kaa wima, laza uzito kidogo kushoto, toa pumzi, kisha ngoja. Atakagua kwanza, ndiyo tabia yake. Halafu ataondoka. Bega lako likipona mpande hivyo, na kama unaona mimi ni fundi cherehani tu nisiyejua kitu, mpandishe mwalimu yeyote wa klabu kesho asubuhi, mbele ya watu, ajaribu. Mimi nitakuwepo kwenye uzio.

Singependa kuwapa zawadi hii watu hawa. Ningekuwa mimi, ningezikwa nayo. Lakini mwenye nayo amesema itolewe, na sijawahi kushindana naye nikashinda. Sasa hakuna anayeweza kusema hakuambiwa. Asiyesikia, asome, imechapwa ukurasa wa tatu.

Mdogo wangu, neno lako limefika, pumzika kwa amani. Na wewe mwenye farasi, usipumzike mpaka umempigia simu daktari wa mifugo.