Margarita Ezati na Sandali Zilizompatia Dada

Marehemu Margarita Ezati alizaliwa Pajulu, nje kidogo ya Arua, tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Constantino Ezati, mkulima wa tumbaku, na marehemu Mama Ayikoru.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Pajulu, kisha akaingia sekondari mjini Arua. Masomo yalikatika mwaka 1980, vita vilipoifanya familia ivuke mpaka kwenda Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, na hakukibadilisha tena. Kwake mtu alibaki kuwa "mutu" hadi mwisho. Waliporudi nyumbani alianza upya bila manung'uniko, akapata cheti cha kilimo mwaka 1989.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa bibi shamba, akapelekwa Koboko. Wakulima wa Dranya walimwita Mama Muhogo, kwa sababu mihogo yao ilipokauka majani, yeye ndiye aliyewaletea mbegu iliyostahimili ugonjwa ule. Alikwenda kwa miguu kutoka shamba hadi shamba. Ofisi ilimpa buti za mpira, akazivaa wiki moja zikamtoa malengelenge. Baadaye mkubwa wake alizikuta nyuma ya nyumba zimejazwa udongo, moja imeota vitunguu na nyingine nyanya. Margarita alipenda kiatu chembamba. Alisema bibi shamba asiyeusikia udongo chini ya mguu anafanya kazi kwa kukisia. Alivaa sandali za tairi, zile ambazo Kampala huitwa lugabire, lakini alizichonga soli kwa kisu mpaka zikawa nyepesi.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Bwana Sunday Ladu wa Dranya, fundi wa magari. Mungu aliwajalia watoto wawili, Constantino na Poni. Bwana Ladu alikuwa akimtania kwamba yeye hutengeneza magari mchana, na jioni hukuta mkewe akiharibu tairi.

Mwaka 2009, siku ya soko Koboko, Margarita alikwenda kununua kitenge kwenye meza ya Bi. Zulaika Nasur, Mnubi, binti wa askari. Hawakuwa wakijuana. Zulaika alikuwa amenyoosha miguu chini ya meza, na Margarita akasahau kitenge.

"Mama, hiyo sandali fundi gani alikukatia?"

"Hakuna fundi. Iko ya mkono yangu. Nilikata ubavu ya tairi, kule iko laini. Ile ya mafundi iko nzito kama jiwe."

Margarita aliinua mguu wake juu ya kiti. "Mimi nilichonga na kisu. Bwana yangu anasema naharibu kiatu mzima."

Zulaika aliipapasa ile soli, akaikunja, akaachia, akacheka. "Kaa hapa. Kitenge itangoja."

Margarita alirudi nyumbani jioni bila kitenge, lakini na habari nyingi. Zulaika alimweleza kwamba marehemu baba yake aliamini mutu bila buti hana heshima, na kwamba yeye Zulaika tangu utotoni alikuwa akizivua nje ya boma na kuzificha kwenye majani. Tangu siku ile, kila Jumamosi jioni, wawili hao walitembea njia ya Dranya wakibishana kama kamba ipite kati ya vidole au izunguke kisigino. Watu waliwacheka, mama wazima kuzungumzia soli. Wao hawakujali. Idi ilipofika Margarita alikuwa jikoni kwa Zulaika akikaanga, na Krismasi Zulaika alifika Dranya asubuhi kabla ya wageni wote.

Mwaka 2017 Margarita alipatikana na ugonjwa wa sukari. Mwaka uliofuata, karibu na Pasaka, daktari mjini Arua alimpima miguu, akamwambia imeanza kufa ganzi, avae viatu vya kufunika, vyenye soli nene. Margarita alivinunua, akaviweka chini ya kitanda, na hakumwambia mtu.

Jumamosi moja ya Novemba walikuwa njiani, Zulaika akiwa nyuma.

"Margarita, simama. Damu."

"Damu ya nani?"

Ilikuwa yake. Msumari ulikuwa umepenya sandali na kuingia mguuni, naye alikuwa ametembea nao bila kujua. Zulaika alimkalisha chini, akauchomoa, akaufunga mguu kwa mtandio wake.

"Daktari alikuambia nini?"

"Kwamba nivae kiatu ya nguvu."

"Lini?"

"Wakati ya Pasaka."

Zulaika alikaza fundo la mtandio. "Basi mimi sitembei na wewe tena mpaka uvae."

"Hata wewe, Zulaika?"

"Mimi ndiyo wa kwanza."

Kidonda kilikuwa kibaya. Madaktari walizungumzia kukata mguu, na familia iliishi na hofu hiyo mpaka Krismasi. Margarita alikuwa na hasira, na hasira yote aliielekeza kwa Zulaika, kwa kuwa maradhi hayana uso wa kukasirikia. Zulaika hakuja, lakini alimpa Poni chakula kila siku apeleke. Margarita alikula, na hakuuliza kimetoka wapi.

Mguu ulipona. Mwishoni mwa Januari 2019, Zulaika alitokea mlangoni Dranya amevaa raba kubwa za mtumba, akichechemea.

"Nani amekuumiza?" Margarita aliuliza.

"Wewe. Hii kiatu iko kama nyumba, mguu inazunguka ndani peke yake. Lakini siwezi kuvaa nyembamba wakati wewe unavaa nzito. Poni ameniambia yako iko chini ya kitanda. Toa, twende."

Margarita alicheka hadi machozi, kisha akalia kweli. Akavitoa. Tangu siku ile majirani waliwasikia kabla ya kuwaona, wakilalamikia viatu njia nzima. Walitembea hivyo miaka mitano, na Margarita alistaafu mwaka 2021 akiwa na miguu yote miwili.

Mwaka huu figo zake zilichoka. Alilazwa Arua mwezi Agosti. Zulaika alifunga meza yake sokoni, akahamia wodini pamoja na Poni. Jioni ya mwisho alikuwa akimpaka mafuta miguuni na kuikanda taratibu.

"Unasikia?" aliuliza.

"Sisikii," Margarita alijibu. "Lakini endelea."

Alifariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Ameacha mume, Bwana Sunday Ladu, watoto wawili, Constantino na Poni, wajukuu wanne, na ndugu zake wa Pajulu. Ameacha pia dada mmoja, Bi. Zulaika Nasur wa Koboko. Wazee wa Pajulu ndio waliotaka jina lake liandikwe mahali hapa, kati ya ndugu, na leo Zulaika amekaa pamoja nao.

Ee Mungu, mpokee Margarita, umpe pumziko lenye amani.