Historia ya Bi Usafi, Aliyepima Udongo kwa Rangi

Ndugu, jamaa na majirani, ni mimi bibi yake ninayesimama hapa, kumsindikiza aliyepaswa kunisindikiza.

Mjukuu wetu, mliyemwita Bi Usafi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 chumbani kwangu, mvua ikivujia sufuriani, mama yake akafariki 1994, akalelewa na mjomba wake, mwanangu wa kuzaa, akasoma msingi hadi 2002, sekondari hadi 2006, na chuo cha maabara hadi 2009, akifua sare hata isiyochafuka, mpaka tukamtania kwamba atavaa vifungo vitupu.

Tarehe 2 Agosti 2010 aliajiriwa maabara ya udongo na maji, kupima fosforasi, chakula cha mizizi, nayo, alivyonieleza, huonekana kwa rangi, udongo hutiwa dawa, maji yake yakachujwa, yakatiwa dawa nyingine, yakikolea buluu udongo umeshiba, yakififia una njaa. Alifunga ndoa na seremala wake tarehe 7 Desemba 2013, wakajaliwa mvulana 2015 na msichana 2018.

Septemba 2022 mjomba alimletea udongo wa shamba lake, asidi ya kuoshea chupa ilikuwa imekwisha, naye kwa kuchukia uchafu akazisugua kwa sabuni ya unga, akasahau kwamba sabuni ile nayo ina fosforasi, maji yakatoka buluu tele, akamwambia mjomba asitie mbolea aliyozoea kuitia kila mwaka. Mahindi yalipodumaa, majani yakageuka zambarau, dalili ya njaa ile ile ya fosforasi, alielewa kabla ya kuambiwa, akaenda kupiga magoti, mjomba akamjibu, "Ungeniachia ujinga wangu, mwanangu, ndio uliokuwa unatulisha," akafunga mlango.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023, akalazwa Januari, na kila mtu alipoingia wodini, mgonjwa wetu aliuliza kama ni mjomba, tukasema yuko njiani, mpaka uongo ukatuishia, akafariki tarehe 19 Februari 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia tulipokuwa hatuna mikono, wafanyakazi wenzake mliomtetea kosa lile lilipojulikana kazini, nawe mwanangu, uliyesimama kule nyuma tangu asubuhi, kofia mkononi, asante, umekuja, ila aliyekungoja hasikii tena.

Nenda ukapumzike kwa amani, mjukuu wangu, sisi huku hatunayo.