Hotpoti Hairudi Tupu: Maisha ya Cleophas Ntahena, 1971–2025

Ndugu waombolezaji, leo tumemrudisha nyumbani Cleophas Ntahena, na nikiwatazama naona wengi wenu mmewahi kula chakula alichokibeba yeye. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Winifrida, mdogo wake wa kumfuata.

Cleophas alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa Kitahana, wilayani Kibondo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Raphael Ntahena na marehemu Mama Melania. Alibatizwa mwaka huohuo, na kipaimara alikipata mwaka 1984.

Elimu ya msingi aliipata hapahapa kijijini kuanzia mwaka 1980 hadi 1986. Hesabu zilimshinda, kwaya haikumshinda. Siku za kazi za shamba la shule, yeye ndiye aliyetumwa kuchukua chungu cha maharage ya walimu kutoka jikoni, kwa kuwa kikibebwa na Cleophas kilifika na maharage yote. Kikibebwa na sisi wengine kilifika na mchuzi mwingi.

Baada ya shule alilima na wazazi wetu, kisha akabeba ndizi kwa baiskeli kati ya Busunzu na Kibondo mjini. Tarehe 21 Septemba 1996 alifunga ndoa na Josepha, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rosa na Evarist. Mwaka 2003 walihamia Kasulu, wakajenga nyumba ya vyumba viwili na kupanda mti wa parachichi mlangoni. Mti huo naomba muukumbuke, nitaurudia.

Mwaka 2009 aliajiriwa katika mgahawa wa Mzee Gharibu, Kasulu mjini, kupeleka chakula kwa wateja. Mimi nilikuwa nimemtangulia pale jikoni. Asubuhi alizungukia ofisi, shule na maduka kuuliza nani anakula nini, saa saba mchana alifikisha hotpoti zikiwa zimefungwa kwenye keria, na alasiri alizipitia tena kuzikusanya.

Alikuwa na taratibu zake kuhusu asante ya mteja, na hazikuvunjwa. Akishakukabidhi chakula aligeuza baiskeli papo hapo, kwa sababu, alisema, "Ukisimama mlangoni, umeshaomba." Ukimwambia abaki na chenji alikurudishia. Ukirudia kumwambia, aliipokea kwa mikono miwili. "Mara ya kwanza ni adabu tu," alinieleza, "mara ya pili ndiyo asante." Siku ya mvua hakusubiri mara ya pili. Wodini hakupokea kitu kwa yeyote, hata kwa mganga mkuu. Walipoanza kulipa kwa simu na kuongeza hela ya kutolea, alisema hiyo si asante, ni haki.

Lakini asante kubwa ilikuwa ndani ya hotpoti. Kwetu Buha chombo kilichokuletea chakula hakirudi kitupu. Hata kwa chakula kilicholipiwa, watu wa Kasulu waliturudishia hotpoti na embe mbili, kiganja cha karanga, mhogo mbichi, na fundi cherehani mmoja aliwahi kutuwekea vifungo vya shati. Sisi wa jikoni tulizifungua, tukagawana, na tukasengenya. Ambaye hotpoti yake ilirudi tupu tulimwita mkono wa birika mpaka anahama mji. Msengenyaji mkuu ndiye huyu anayewasomea.

Sehemu inayofuata familia ilishauri isichapishwe. Mimi nimeichapisha.

Mwezi Juni 2019 Cleophas alikwenda Busunzu kwenye msiba, nikakusanya hotpoti badala yake. Nilifika kwa Mwalimu Yusuph, ambaye alikuwa amehamishiwa Kasulu kutoka Singida mwaka uliotangulia. Alinikabidhi hotpoti iliyooshwa ikang'aa, na ndani hamna kitu. Nikamwambia, "Mwalimu, leo umetusahau? Tumeshazoea parachichi zako."

"Parachichi zipi?"

"Zile unazotuwekea kila wiki."

"Sijawahi kuwawekea parachichi. Chakula nimelipia, hotpoti yenu nimeiosha. Mnataka nini tena?"

Mwalimu hakukosea. Alimpigia simu Mzee Gharibu, akamwambia mbeba chakula wake anadai hongo ya matunda. Hakusema ni mwanamke, na Mzee hakuuliza. Cleophas aliporudi aliitwa mbele yetu sote. Mzee akamuuliza, "Nani amemwomba Mwalimu parachichi?" Nilikuwa nimeshika mwiko, na mdomo wangu uliokuwa mwepesi miaka yote ukawa mzito. Kaka alinitazama mara moja, akasema, "Mbeba chakula si ni mimi, Mzee."

Alisimamishwa kazi miezi miwili. Mjini wakamwita Cleophas Parachichi, na mwanamume ambaye hakuwahi kusimama mlangoni mwa mtu akajulikana kwa kuomba. Jina hilo lilimfuata mpaka kitandani. Mmoja wenu amelitaja leo asubuhi hapa uani, na alilitaja kwa utani, najua.

Jioni ya siku ile nilimfuata nyumbani nikilia. Wifi yangu Josepha alikuwa akimuuliza kwa nini mti hauna parachichi wakati hajauza hata moja. Ndipo aliposema. Kila hotpoti iliyotoka kwa mgeni ikiwa tupu, alipita kwake kwanza, akachuma parachichi, akaitia ndani. Ya Mwalimu, ya nesi mmoja, ya bwana shamba. "Wageni hawaijui desturi yetu," alisema. "Na nyie mle jikoni hamna huruma. Mtu aaibishwe kwa jambo ambalo hakufundishwa?"

Nikamwambia kesho naenda kwa Mzee kusema ukweli. Akakataa. "Winifrida, wewe huna mume na una watoto watatu. Wakikufukuza utakula nini? Mimi nina baiskeli."

"Na jina lako?"

"Siku nikifa utasema. Sitakuwepo kukukataza."

Wateja wenyewe ndio waliomrudisha kazini mwezi Agosti, kwa sababu wali ulikuwa unafika umepoa. Alimpelekea Mwalimu chakula kama zamani, bila kinyongo. Hotpoti ya Mwalimu tu ndiyo aliyoiacha irudi tupu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameshasema.

Mwezi Mei 2024 chakula kilianza kumkwama kooni. Alitibiwa Kasulu, kisha Mwanza, ambako ilionekana ana saratani ya koo. Alirudishwa Kasulu mwezi Januari mwaka huu, akawa anapitisha uji tu. Miongoni mwa waliomletea uji ni Mwalimu Yusuph, ambaye aliupika mwenyewe na kuuleta kwa hotpoti yake mwenyewe, siku tisa mfululizo. Alikuwa bado anaamini kwamba Cleophas ndiye aliyenituma kumwomba. Alikuja tu, akakaa, akamsomea gazeti.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi. Jana yake sauti ilikuwa imekwisha. Alinyoosha kidole kwenye hotpoti ya Mwalimu iliyokuwa chini ya kitanda, akanitazama, akatikisa kichwa. Nilimwelewa. Ameacha mjane, Josepha, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu wawili, na baiskeli moja ambayo hairuhusiwi kuuzwa.

Mzee Gharibu, uko hapa. Aliyeomba ni mimi. Mlango wa kazi ukinifungia leo, nitakuwa nimestahili tangu miaka sita iliyopita. Nilimwacha kaka yangu abebe aibu yangu, na inaniuma kuliko kifo chenyewe.

Mwalimu Yusuph, naomba usogee. Hotpoti yako hii hapa. Nimeiosha. Ndani kuna parachichi sita za mti uleule. Zile za zamani aliziweka kwa jina lako, na hukujua. Hizi zimetoka kwa Cleophas Ntahena, kwa jina lake.

Mzigo wote ameufikisha. Mungu ampumzishe kwa amani.