Tabita Nzunda na Mpira Uliojiziba

Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu wenu kwa dakika chache tu, maana marehemu mwenyewe hakupenda hotuba ndefu.

Tabita Zabron Nzunda alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 kijijini Igamba, wilayani Mbozi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Zabron na Mama Ruti, wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari Mbeya, akahitimu shahada ya kemia Dar es Salaam mwaka 1994 na ya uzamivu mwaka 2004. Alifundisha sekondari Tunduma kuanzia 1995, na mwaka 2005 akawa mhadhiri Mbeya.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Bwana Deus Simkoko, fundi wa mabomba ya kupulizia dawa, na Mungu akawajalia Jenista na Clement.

Mwaka 2010 mpira wa bomba ulipasuka, dawa ya kahawa ikamuunguza Mzee Zabron mgongoni, na marehemu akaapa kutengeneza mpira unaoziba ufa wake wenyewe. Plastiki, alitueleza, ni minyororo mirefu ya vipande vidogo, naye alitumia vya aina mbili, vigumu na laini, akabadilisha vipimo miaka saba, lakini mpira ukichanwa ulibaki umechanwa, na wenzake wakaanza kumshauri aachane nao.

Desemba 2017 alikuja likizo kumsaidia mama kupanda, na kwa haraka zake akamaliza kopo zima la mahindi kwenye nusu ya mstari ndipo akashika maharage. Mama Ruti alimfokea bila kujali udaktari wake, kwamba mbegu ni zilezile ila hapo hajapanda kitu, afukue arudie, hindi moja, harage moja. Dokta akafukua, na katikati ya mstari akasimama akicheka peke yake, kwani maabarani naye alikuwa akimaliza aina moja kabla ya kuingiza nyingine. Aliporudi Mbeya aliziingiza aina zote mbili pamoja, matone kwa matone, vipimo vilevile, vipande vikapishana na kushikana na vya mnyororo wa jirani, na kwa mara ya kwanza kipande cha mpira kilichochanwa kikajiunga.

Kutoka kipande hicho hadi mpira mzima wa bomba ilichukua miaka mingine saba. Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, nasi tukahofu hatauona. Tarehe 3 Februari 2025 wanafunzi wake walimletea kitandani hapa Igamba mpira ukiwa umefungwa kwenye bomba, akauchana mwenyewe kwa wembe, na kesho yake asubuhi Bwana Deus akapampu mpaka jasho likamtoka, halikudondoka hata tone. Tulilia kwa furaha, yeye akamtania mumewe kwamba sasa amemkosesha kazi.

Alifariki nyumbani tarehe 6 Februari, saa nane mchana, mikono yake ikiwa mikononi mwa wanawe, ameridhika kabisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuteka maji, wahadhiri wenzake, na wanafunzi waliosafiri na bomba lile mapajani kutoka Mbeya.

Dada yetu Tabita, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.