Kabati la Mama Kufuli

Kijiwe chenyewe kilikuwa kiti kirefu cha lori, kimeegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, upande ambao jua la mchana halifiki. Kilikuja na mwenyewe: dereva mstaafu aliyeliendesha lori hilo miaka ishirini na sita, na siku lilipouzwa chuma chakavu akaomba apewe kiti tu. Watu walimwita Redio, kwa sababu hazimiki. Pembeni yake alikaa Shangazi, muuza kahawa, na birika lake juu ya makaa. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, na ndiyo maana alikuwa wa wote. Wa tatu alikuwa kinyozi, mwenye tabia ya kutoka nje na mashine mkononi, mteja amemwacha kitini, kila aliposikia ubishi umekolea. Siku hiyo, saa tisa na nusu, alikuja mtu ambaye hakuwa amekaa pale kwa miezi minane: mpima ardhi, ambaye kijiwe kilimwita Sentimita, maana hata maneno alikuwa akiyapima kabla ya kuyatoa. Miezi minane ni tangu amzike mkewe. Mfukoni mwa shati alikuwa na barua ya hospitali iliyokunjwa mara nne, na kichwani alikuwa na sentensi moja ya kuwaambia kabla ya saa kumi. Saa kumi binti yake angepita hapo akitoka shule.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, karibu, — Redio alisema, akasogea. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Huyu si mgeni, — Shangazi alisema. — Na wewe huumwi.

— Uzee ni ugonjwa, Shangazi. Mmiminie mwenzetu.

Sentimita alipokea kikombe. Sentensi yake ilikuwa na maneno matano: naomba msimpe binti yangu chakula. Asubuhi mbele ya kioo ilitoka vizuri. Hapa aliipuliza kahawa kwanza.

— Binti hajambo? — Kinyozi aliuliza kutoka mlangoni. Ndani, mashine ilikuwa ikinguruma juu ya kichwa cha mtu.

— Hajambo.

— Anakua.

— Anapanuka, — Redio alisema. — Kukua ni kwenda juu. Yule ana miaka tisa na kimo cha miaka sita, halafu anakwenda pembeni.

— Redio, — Shangazi alisema.

— Nasema kwa mapenzi. Mtoto ana njaa ya wapagazi watatu. Nilishasema zamani, ni mnyoo. Na si minyoo ya kawaida. Ni mmoja, mkubwa, amehamia humo ndani na familia yake.

— Minyoo hukondesha, bwana. Tatizo ni kichwa. — Kinyozi aliizima mashine ili asikike vizuri, akatoka nje kabisa. — Nimeshika vichwa kuliko daktari yeyote. Yule mtoto paji lake jembamba, hapa na hapa. Paji likiwa jembamba, akili hubanana, basi ile ya kushiba hukosa pa kukaa.

— Wewe na vichwa vyako, — Shangazi alisema. — Ni lile kabati. Mtoto ukimfungia chakula, roho yake hubaki kabatini. Mama Kufuli, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini lile kufuli...

Akakumbuka ni nani aliyekaa mbele yake, akaanza kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Sentimita alikunywa kahawa. Jina hilo alilijua. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na binti yao alipofika miaka mitano akaanza kuamka alfajiri kula unga mkavu na maganda ya jalalani, yule mama alinunua kufuli akalitia kwenye kabati la chakula. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi mwekundu, pamoja na futi yake ya kupimia nguo. Mtaa ulimwita Mama Kufuli, kwanza mgongoni mwake, baadaye usoni. Siku moja walilitaja jina hilo hapahapa kwenye kiti hiki, na Sentimita mwenyewe akacheka. Mara moja tu, na si kwa sauti. Mkewe alikuwa ng'ambo ya barabara na kitambaa mkononi.

Mtoto alipolilia chakula, mama yake hakuwahi kumwambia hapana. Alisema: “Saa kumi na mbili, mwanangu.” Halafu akarudi kwenye cherehani. Saa kumi na mbili ikifika, sahani ilikuwa mezani, si kabla, si baada.

— Nina jambo, — Sentimita alisema. — Miezi mitatu iliyopita nilimpeleka hospitali.

— Tulishampeleka sote kwa maneno, — Redio alisema.

— Madaktari wote tuliowahi kuona walitazama tumbo. Huyu, binti mdogo tu, sijui kama ana miaka thelathini, alitazama mikono. Akaweka kiganja cha mtoto juu ya kiganja chake, akakitazama kilivyo kidogo. Akatazama na miguu. Akapima paji.

— Paji, — Kinyozi alisema. — Mmesikia?

— Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Alipozaliwa, alinyonya?

— Mtoto ana miaka tisa, anaulizwa habari za kunyonya, — Redio alisema. — Ndiyo maana foleni za hospitali haziishi.

— Hakunyonya. Alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Hakuwa na nguvu ya kuvuta ziwa. Mama yake alikamua, akamdondoshea kwa kijiko miezi minne. Kulia alilia kama paka mchanga. Kutembea, miaka miwili na nusu. Mimi nilidhani hayo yamepita, na hii njaa ni jambo jingine. Daktari akasema ni jambo moja. Wanaanza kwa kutoweza kula, wanaishia kwa kutoweza kushiba. Akachukua damu, ikapelekwa mbali. Majibu yamekuja juzi.

Aliigusa barua mfukoni bila kuitoa.

— Sasa? Damu imesema nini? — Shangazi aliuliza.

— Kuna kipande kimekosekana kwenye vile vinasaba mtu anavyorithi kwa wazazi. Kidogo mno. Ni kwenye upande anaoupata kwa baba.

Watu walikunywa kahawa. Shangazi ndiye aliyethubutu.

— Upande wa baba. Kwa hiyo ni wewe.

— Daktari anasema si kosa la mtu. Ni kama mwandishi ananakili kitabu usiku kucha, akaruka mstari mmoja. Ugonjwa wenyewe ni nadra. Hospitali nzima wanawajua watoto wanne.

Aya hiyo ya barua ndiyo aliyoisoma mara nyingi kuliko nyingine. Bado alikuwa akiutafuta huo mstari.

— Kimepotelea wapi hicho kipande? — Redio aliuliza.

— Hakijapotea. Hakikuwepo.

— Hakuna kitu kisichokuwepo, mwanangu. Mimi nilipoteza spana namba kumi na saba, nikaikuta miaka miwili baadaye imelala kwenye injini, inasafiri bure. Kipo mahali. Na nakwambia kilipo. Kuna mtoto mwingine duniani amezaliwa na vipande viwili. Huyo hali kabisa. Anapelekewa sahani, anageuza uso. Tukimpata, tukawakutanisha wakashikana mikono, kwisha.

— Mimi ninaye mteja mmoja, — Kinyozi alisema, — mwembamba kama kamba ya kiatu. Nikimkaribisha hata maji anasema ameshiba.

— Muulize mama yake alizaliwa mwezi gani.

— Huo si ujinga wa kawaida, — Shangazi alisema. — Huo ni wa kusomea.

— Shangazi, bendera hufuata upepo.

— Na hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Wewe mimina tu. Sasa, Sentimita, nieleze kidereva. Chakula mtoto anakula. Tumbo linajaa. Kwa nini hashibi? Au ni geji? Maana lori langu la kwanza geji ilikufa, mshale ukalala chini kabisa. Unajaza tangi mpaka mafuta yanamwagika barabarani, geji inakwambia huna kitu.

Sentimita aliweka kikombe chini.

— Ndiyo hivyo hasa, mzee. Tumbo linajaa, habari haifiki kichwani. Anahisi njaa wakati wote. Si uroho, si tabia, si malezi. Hata sasa hivi, darasani, ana njaa.

Redio alijisogeza kwenye kiti. Kwa miaka yote ya kijiwe hajawahi kuwa sahihi, na alionekana hajui akae vipi.

— Geji hubadilishwa, — alisema taratibu.

— Hii haibadilishwi. Kuna sindano ya kumsaidia kukua, ataanza mwezi ujao, kila siku. Kuna mazoezi, kwa sababu misuli yake ni dhaifu. Njaa haina dawa. Iliyopo ni kazi. Chakula kwa kipimo, saa zilezile kila siku, asibahatishe. Watu wote wanaomzunguka waambiwe. Na kabati la chakula lifungwe.

— Lifungwe vipi? — Kinyozi aliuliza.

— Kwa kufuli. Imeandikwa humu.

Mlangoni mwa kinyozi alitokea mtu na taulo shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu haijaguswa. Alikuwa mgeni mtaani, amehamia wiki hiyo. Alitaka kusema jambo kuhusu nusu ya pili, lakini aliwaona walivyoinamia vikombe, akasimama palepale.

— Asipofungiwa itakuwaje? — Shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Anaweza kula mpaka tumbo lipasuke. Watu wengine hutapika. Yeye ni nadra kutapika, na maumivu hayasikii vizuri, kwa hiyo hatasema. Ndiyo maana nimekuja. — Akayatoa maneno yake matano, yote kwa mpangilio. — Naomba msimpe binti yangu chakula.

Shangazi alivuta kikapu chake, akatoa kipande cha mkate kilichofungwa kwenye karatasi, akakiweka juu ya kiti.

— Hiki ni chake cha leo, — alisema. — Kila siku, tangu yuko darasa la kwanza. Aliniambia nyumbani halishwi. Akaniapisha nisiseme.

— Wewe pia? — Redio aliuliza. Alitoa ndizi mbili ndani ya koti. — Aliniambia mimi tu ndiye ninayemwonea huruma.

Kinyozi aliingia ndani, akarudi na pakiti ya biskuti aliyokuwa akiificha kwenye droo ya nyembe. Aliiweka kando ya ndizi.

— Nilijua mtanicheka, — alisema.

— Si ndiyo wanavyosema, mchelea mwana kulia hulia yeye, — Redio alisema. — Nikaona nimpe, asilie.

— Methali hiyo ni ya kumkataza mtu kama wewe, — Shangazi alimwambia, lakini bila nguvu.

Sentimita alivitazama vitu vile. Kwa mazoea ya kazi alianza kuvipima kwa macho: kipande cha mkate, ndizi mbili, biskuti kumi na mbili, mara siku tano, mara miaka mitatu. Aliacha kabla ya kufika mwisho. Alitia mkono mfukoni, akatoa funguo mbili. Mmoja ulikuwa na uzi mwekundu. Aliweka ule usio na uzi karibu na mkate.

— Huu niliuchongesha mimi, — alisema. — Mke wangu hakujua. Alikuwa akienda kupeleka nguo za wateja, mimi na mtoto tunafungua kabati. Mtoto alikuwa akinikumbatia. Jioni mama yake anahesabu mikate, haitimii, anadhani anakosea yeye. Akanunua kufuli la pili. Nikachongesha tena.

Redio aliusogeza ufunguo mbali na ndizi.

Ndipo yule mgeni mwenye nusu kichwa akakohoa.

— Samahani, wazee wangu. Mimi nimekuta maneno katikati. Huyo mama mwenye kufuli, mnayemsema. Ameshaambiwa kwamba alikuwa sahihi?

Kinyozi alitazama mashine mkononi kama kitu alichookota. Redio alizipanga upya ndizi zake mbili. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sentimita. Yalitoka mashapo tu, na hata hayo hayakujaza nusu. Mgeni aliwatazama mmoja mmoja akisubiri, taulo shingoni, hadi alipoanza kuhisi kwamba amekosea jambo bila kujua ni lipi.

Saa kumi binti alitokeza kwenye kona, mkoba wa shule ukimgonga mapajani, hatua zake fupi. Shangazi alikuwa ameshafagia vyote vilivyokuwa juu ya kiti, na ufunguo pia, akavitia kikapuni na kukifunika. Mtoto alimwamkia Shangazi, akasubiri. Shangazi alishughulika na makaa. Akamwamkia Redio, akasubiri. Redio alitazama barabarani. Kinyozi alikuwa amemrudisha mteja wake ndani, na mashine ikaanza kunguruma kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Mtoto alisimama katikati ya watu waliompenda, kiganja chake kidogo kimefunguka nusu, hajui amekosa nini.

Mwishowe akamwendea baba yake.

— Baba, sijala.

Sentimita aliuchukua mkoba, akaushika ule mkono.

— Saa kumi na mbili, mwanangu, — alisema.

Mtoto alimwinulia uso. Halafu aligeuka upesi, akatazama nyuma yake, barabara yote, mpaka kule kwenye kona.