Gari Jekundu Mbele ya Benchi

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, liko kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya kuchomelea, na miguu yake ya bomba la chuma imechimbiwa kwenye saruji. Aliyeliunga ni Cheche, fundi mwenye karakana hiyo, na kama kawaida yake alimalizia kila mshono kwa nukta tatu ndogo za chuma, alivyofundishwa na marehemu fundi wake. Wanabenchi wanazijua nukta hizo kuliko namba za simu za wake zao. Mtu akizama kwenye mawazo, kidole gumba kinashuka chenyewe chini ya ubao kuzipapasa. Asubuhi hiyo kila kidole kilikuwa chini. Mbele yao lilikuwa limeegeshwa gari jekundu la mbio, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuku angeweza kupanda juu ya boneti bila kukunjua mabawa. Mwenye kuliuza, bwana mmoja wa miwani nyeusi, aliwaachia ufunguo akaenda kuleta kadi ya gari. Alisema atarudi kabla birika halijaisha.

Mnunuzi alikuwa Wembe, kinyozi. Miaka sita Wembe amewanyoa watu wa mtaa mzima huku akiwasimulia gari atakalonunua, mpaka wengine wakahamia kwa kinyozi wa mbali ili wanyolewe kwa amani. Sasa lilikuwa hapa, na hela ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni yake, imefungwa kwa pini mbili. Wembe pia ni mume wa dada yake Cheche, kwa hiyo walipoanza ukaguzi alimgeukia shemeji yake kwanza.

— Shemeji, wewe ndiye jicho langu. Zunguka, uniambie.

Cheche alizunguka mara moja tu, mikono mfukoni, akagonga mlango kwa vifundo vya vidole.

— Bodi safi.

Akarudi kukaa, akapokea kikombe chake. Hapo ndipo jua lilipovuka paa la kibanda cha kinyozi na kulipiga gari ubavuni, na Cheche akaona kona ya dirisha dogo la nyuma. Kona ile ilikuwa imebonyea kidogo kwa ndani. Yeye ndiye aliyeipiga nyundo vibaya, miezi minane iliyopita, akaiacha vile vile.

Alikiweka chini kikombe cha kahawa.

Wakati ule mzee mmoja mwenye duka la matairi alikuwa amemletea nusu mbili za magari juu ya lori: nusu ya mbele nyeupe, nusu ya nyuma ya buluu. "Ziunganishe tu, fundi. Nataka nilipandishe juu ya paa la duka liwe tangazo. Halina hata injini." Cheche akaziunganisha. Akashikiza hapa, akashikiza pale, kiasi cha gari kusimama juu ya paa na kutazamwa na wapita njia. Halikuwa gari la kutembea, kwa hiyo hakuliunga kama gari la kutembea. Na sasa hili hapa, lina injini na rangi nyekundu inayong'aa, na shemeji yake analizunguka huku analichekea.

— Wazee, semeni basi! Wembe aliwahimiza wengine. Jamaa anarudi sasa hivi. Gari la mbio lililotumika, mtu anaangalia nini?

Gia Tano, dereva mstaafu wa malori, alisafisha koo. Huyu haongei mpaka asafishe koo.

— Unaliwasha likiwa baridi. Muuzaji akikuletea gari limeshachemka, ujue kuna sauti anaificha.

— Lilikuja limechemka, Mama Birika alisema.

— Si lazima lichemke likija? Wembe alidakia. Lingekuja likiwa baridi lingekuwa limebebwa!

Walicheka. Cheche naye alicheka, akachelewa kidogo kumaliza.

— Halafu matairi, Gia Tano aliendelea. Yakiwa yameliwa upande mmoja, gari limepinda mgongo. Halafu klachi. Halafu unatazama kiti cha abiria. Kikiwa kimechakaa kuliko cha dereva, aliyekuwa nalo alikuwa na mchumba mnene. Klachi imekwisha hiyo.

— Mchumba na klachi wapi na wapi, mzee? Wembe aliuliza.

— Mtu mwenye mchumba pembeni anabadili gia ili aonekane anabadili gia. Nimeendesha miaka thelathini na tatu, usinibishie.

Data, fundi simu, alikuwa anangoja zamu yake kwa hamu. Kila kitu Data amekisoma mtandaoni, na kila alichokisoma kimemchanganya.

— Nyie bado mko kwenye klachi. Magari haya yana kompyuta. Kilomita zinarudishwa nyuma kwa simu tu, hata mimi naweza. Lakini ubongo wa gari hausahau. Unakumbuka mwenye gari wa kwanza, anakopenda kwenda, saa anazorudi. Kuna jamaa alinunua la namna hii, kila akifika njia panda usukani unavuta kushoto. Kufuatilia, kushoto ndiko kwa mke wa yule mwenye gari wa zamani.

— Alikwenda? Gia Tano aliuliza.

— Alikwenda mara mbili.

— Hiyo si kompyuta, Mama Birika alisema huku akimimina. Mimi siangalii gari, naangalia anayeliuza. Mtu akiuza kitu alichokipenda, akiondoka anageuka. Hata akiuza mbuzi. Yule wa miwani amekwenda mpaka kona ile, hakugeuza shingo.

Cheche aliyatazama mabega ya Mama Birika na kutamani aendelee, aseme zaidi, aseme yote yeye mwenyewe, ili Cheche asiseme chochote.

— Mama, mwenzio ana haraka tu, Wembe alijibu, lakini uso ulikuwa umembadilika. Birika limebaki na vikombe vingapi?

— Vinne. Labda vitano.

Data alichomoa mfukoni sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu.

— Hii haidanganyi. Penye chuma inashika. Penye puti, ule udongo wa kuzibia bodi, inaanguka.

Akaipachika kwenye mlango, ikashika. Kwenye boneti, ikashika. Kwenye bawa la tairi la mbele, ikashika, na Wembe akapiga kofi la furaha. Data akasogea nyuma ya mlango, chini ya dirisha dogo, akaiweka.

Sumaku ilianguka.

Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka tena na kubingirika mpaka mguuni kwa Cheche. Wote wakamtazama yeye, maana mambo ya bodi ni yake.

— Shemeji?

Cheche aliinama akaiokota ile sumaku. Angeweza kusema pale pale. Maneno alikuwa nayo, yako mdomoni kabisa. Lakini alikuwa ameshasema bodi safi mbele ya watu wote. Na fundi anayeungama kwamba aliunga nusu za magari na hakuzitambua mwenyewe, nani atampelekea hata geti la banda la kuku?

— Puti ya kawaida, alisema. Mtu alikwaruza ukuta, wakaziba. Gari gani la zamani halina puti?

— Mnasikia? Wembe alishusha pumzi. Puti ya kawaida!

Aibu ilimpanda Cheche mpaka masikioni. Alidanganya, na alidanganya vizuri, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Wembe aliingia garini, akawasha. Injini iliitika kwa mngurumo uliotetemesha vikombe kwenye sinia. Gia Tano, aliyekuwa na sheria zake zote za klachi, alisimama kama mtu aliyeitwa jina.

— Lina kifua hili! Mzee alipiga kelele. Lina kifua!

— Kesho asubuhi, Wembe alisema kupitia dirishani, macho yanamng'aa, nampeleka dada yako kwa mama yenu, shemeji. Barabara kuu ile mpya, tupu, imenyooka. Nitalifungulia. Nataka nione mshale wa mwendo unafika wapi.

Cheche aliuona mshale. Aliuona ukipanda. Halafu akaiona ile mishono yake chini ya zulia, mmoja mmoja, mfupi kama kucha, ikishika nusu mbili ambazo hazikuwahi kuzaliwa pamoja.

— Shemeji, usilifungulie, alisema.

— Kwa nini?

— Basi tu. Gari hulijui bado.

— Si ndiyo kulijua kwenyewe huko!

— Gari jekundu lina hasira, Data aliunga mkono. Nimesoma. Rangi nyekundu inapandisha joto, joto linapandisha mafuta, mafuta yanapandisha mwendo. Dereva hana lake.

— Basi nilipake kijani liwe na subira!

Walicheka tena, kwa sauti, isipokuwa Mama Birika. Yeye alikuwa anamtazama Cheche. Alimimina kikombe, akampa, na hakukiachia mara moja.

— Wewe leo hutafuni maneno yako, alimwambia polepole. Unayameza mazima. Una nini?

— Sina kitu, mama.

— Hiki huenda ni cha mwisho kasoro kimoja.

Na pale kwenye kona bwana wa miwani alitokea, bahasha mkononi, anatembea upesi. Wembe alizima gari, akatoka, akaanza kufungua pini ya kwanza ya mfuko wa aproni. Aliifungua kwa pupa, akajichoma kidole. Mtu yule yule anayepitisha wembe kwenye koo za watu bila kuwakwaruza.

Hapo ndipo dada yake Cheche alipotokea upande wa pili, kapu la sokoni begani, jasho usoni. Hakuwa anajua kama ni leo. Alisimama, akaliangalia gari, akamwangalia mumewe, akaweka kapu chini.

— Ndilo hili?

— Ndilo, mke wangu. Kesho tunakwenda nalo kwa mama.

Alilizunguka kwa aibu kidogo, akagusa rangi kwa ncha ya kidole, akachungulia ndani. Kisha akamgeukia kaka yake, kwa sababu tangu utotoni mambo ya vyuma na magari humuuliza yeye.

— Kaka, mimi nikae mbele au nyuma? Unajua nikikaa nyuma natapika. Lakini mbele kwa mwendo wa huyu mume wangu naogopa. Wapi ni salama?

Lilikuwa swali dogo. Gia Tano angeweza kulijibu kwa nusu saa, Data kwa kutwa nzima. Lakini hakuulizwa Gia Tano wala Data. Cheche alitazama kiti cha mbele, akatazama cha nyuma. Mshono ulipita katikati ya viti hivyo, na popote ambapo dada yake angekaa, nusu nyingine ingekwenda zake.

— Kaka?

Bwana wa miwani alifika, akanyoosha bahasha. Pini ya pili ilikuwa imeshafunguka.

— Wembe, Cheche alisema. Rudisha hela mfukoni.

Hakungoja kuulizwa. Aliufungua mlango, akasukuma kiti mbele, akapiga magoti kwenye vumbi na kuling'oa zulia kwa mikono miwili. Gundi iliachia kwa kelele ya nguo inayochanika.

— Wewe! Unaharibu gari la watu! bwana wa miwani aliruka.

— Weka mkono hapa, shemeji. Hapo pembeni. Usitazame, papasa.

Wembe aliinama. Akapitisha kidole gumba juu ya chuma, taratibu, mpaka mwisho wa mshono. Kidole kikasimama. Nukta ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Gia Tano na Data, waliokuwa wamerudi kukaa, walitazamana, kila mmoja akaondoa mkono wake chini ya benchi.

— Niliambiwa ni la tangazo, Cheche alisema, bado amepiga magoti. Likae juu ya paa. Nilishikiza tu, Wembe. Halikuungwa, limeshikizwa. Ukilifungulia barabarani linaachana.

Bwana wa miwani alisema yeye hajui lolote, naye aliuziwa hivyo hivyo. Huenda ni kweli. Aliibana bahasha kwapani, akachukua ufunguo, akaingia garini na zulia lake likining'inia, akaondoka. Safari hii aligeuka kuwatazama mpaka akakaribia kupiga nguzo.

Wembe alifunga pini ya kwanza, akafunga ya pili. Alichukua muda mrefu.

— Ulisema bodi safi, alisema.

— Nilisema.

— Ukasema puti ya kawaida.

— Nilisema, shemeji.

— Jamani, angalau amesema mwishoni, Data aliingilia. Kuna jamaa mmoja nilisoma...

— Nyamaza, Data, Wembe alimkatiza.

Dada yake Cheche alikuwa hajatoka pale alipokuwa. Alimwangalia kaka yake aliyekuwa anajifuta vumbi magotini, bila hasira, kwa namna ya mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Aliinua kapu lake, akalitundika begani, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

— Kaka, na kama nisingepita hapa leo, ungesema?

Cheche alitazama kona gari lilikopotelea. Gia Tano alisafisha koo, halafu akaanza kukikagua kikombe chake. Mama Birika aliinua birika kuwamiminia cha mwisho, akalitikisa, akalirudisha chini.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Hakuna aliyeondoka.